Kishikwambi Hiki Kitakuwa cha Nani?

Muuzaji wa Kariakoo aliniuliza swali ambalo sikuwa nimelitayarishia jibu: "Dada, unakitaka cha kufanyia nini?"

Mimi nilikuwa nimeshamuuliza maswali sita au saba. RAM ni GB ngapi? Inaongezeka? Betri ikichoka, naweza kuibadilisha mwenyewe? Maswali hayo nilikuwa nimeyapanga ndani ya daladala tangu Bunju, na kusema kweli nilitaka pia ajue kwamba mimi si mteja wa kudanganywa. Kwa miaka saba nimetumia kompyuta ya mezani niliyoinunua ikiwa imeshatumika, kwa akiba ya boom la mwaka wa kwanza. Kasha lake, lile ambalo wengi tunaliita sipiyu, nimelifungua mara nyingi. Nimeiongezea RAM, nimebadilisha diski, na kila kiangazi napuliza vumbi linaloingia kutoka barabarani kwetu.

"Hiki hakifunguliwi ovyo," akanijibu. "Unachochukua leo ndicho utakachokaa nacho. Ndiyo maana nakuuliza kazi yake."

Nikaondoka bila kununua.

Kazi yake niliijua, ila sikuwahi kuisema kwa sauti. Naondoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri ili niwahi chuo. Boko, Tegeta, Mwenge, kisha gari jingine. Nikijumlisha kwenda na kurudi, saa nne za siku yangu zinaishia barabarani. Makala za kusoma kwa ajili ya tasinifu ziko kwenye kompyuta sebuleni, na kioo cha simu yangu ni kidogo mno kwa kurasa zenye majedwali. Nikirudi usiku, mara nyingine umeme umekatika. Hivyo nilihitaji kitu cha kusomea nikiwa nimebanwa dirishani, basi.

Lakini mtu aliyezoea kompyuta ya mezani ana tabia moja: anaamini kosa la leo litarekebishwa kesho. Ukinunua yenye RAM ndogo, utaongeza ukipata hela. Kishikwambi hakina subira hiyo. Kinakudai ujue mapema utakuwa nani miaka mitatu ijayo.

Sitaki kukidharau. Sensa ya tarehe 23 Agosti 2022 ilifanywa kwa vishikwambi, na ndiyo iliyotupatia ile idadi ya watu 61,741,120. Karani aliyekuja kwetu alikuwa kijana wa rika langu. Alikaa kwenye kigoda, akauliza, akabonyeza, akaenda nyumba ya pili. Hakuhitaji kujua faili limehifadhiwa wapi wala diski imejaa kiasi gani. Baadaye vishikwambi vya sensa vikagawiwa kwa walimu, wengi wao wakiwa hawajawahi kumiliki kompyuta yoyote. Kwa watu kama hao, chombo kisichohitaji ufundi ni mlango uliofunguliwa. Mimi ndiye niliyekiona kama mlango uliofungwa.

Tatizo lilianzia nyumbani. Hela yangu haikutosha. Kishikwambi kipya nilichokitaka kilikuwa shilingi 450,000, nami nilikuwa na 270,000. Hesabu ilikuwa rahisi: niuze kompyuta, nijazie. Nikamweleza mama wakati wa chakula cha usiku. Mama hakusema kitu. Mdogo wangu, aliye kidato cha tatu, ndiye aliyeuliza: "Dada, sasa hicho kishikwambi kitakuwa kinabaki nyumbani?"

Kisingebaki. Kingetoka nami saa kumi na moja alfajiri na kurudi nami usiku. Ndipo nikaanza kuhesabu watu ambao sikuwa nimewahesabu. Mdogo wangu anaandikia kazi zake pale. Mama anaweka hesabu za kikoba chao pale, kila Jumapili jioni. Watoto wa nyumba ya pili huja kutazama video za hisabati. Sikuwahi kumpa yeyote ruhusa, kwa sababu kitu kilicho sebuleni hakiombewi ruhusa. Kuweza kutembea na chombo changu lilikuwa jambo la uhuru kwangu. Kwa waliobaki nyumbani, ni chombo kilichoondoka.

Ivan Illich, katika kitabu chake cha mwaka 1973, Tools for Conviviality, alisema kwamba chombo chema ni kile ambacho mtu yeyote anaweza kukitumia kwa urahisi, kwa lengo alilojichagulia mwenyewe. Nilipokisoma nilifurahi, nikadhani nimempata shahidi wa kuitetea kompyuta yangu. Nikajiona mtu mwema anayejinyima kwa ajili ya wengine.

Wiki hiyohiyo umeme ulikatika mdogo wangu akiwa katikati ya kazi, na uliporudi kompyuta ikagoma kuwaka. Ilikuwa saa tatu asubuhi, mimi nipo chuo. Alinisubiri hadi saa mbili usiku. Nilifungua kasha, nikachomoa RAM, nikaifuta, nikairudisha, ikawaka. Dakika tano. Akaniuliza kwa nini sikumwelekeza kwa simu. Sikuwa na jibu zuri. Jibu la kweli ni kwamba kwa miaka saba sijawahi kumwonyesha mtu ndani ya kasha lile kuna nini. Nilipenda kuitwa fundi. Nilipenda kusikia "subiri dada arudi."

Kwa hiyo nilikuwa nakilaumu kishikwambi kwamba hakifunguliki, wakati nyumbani kwetu kompyuta nayo ilikuwa haifunguliki ila kwa mkono wangu. Kile cha kiwandani kimefungwa kwa gundi. Hii yetu ilifungwa kwa majivuno.

Siamini kwamba kila anayenunua kitu chake mwenyewe anawaibia wa nyumbani kwake. Mwanafunzi anahitaji kusoma, na kujinyima kusikomsaidia mtu si wema. Lakini nadhani swali la muuzaji lilikuwa na nusu ya pili. Ukishajua unakitaka chombo cha kufanyia nini, jiulize pia nani ataweza kufanya zaidi kwa sababu yake, na nani atalazimika kukusubiri.

Nilirudi Kariakoo baada ya miezi miwili ya kubana matumizi. Nilichukua kishikwambi kilichotumika cha shilingi 300,000: GB 4 za RAM, sehemu ya kuweka laini, mkwaruzo kwenye kona ya kioo. Programu ya takwimu ninayoitumia haiendeshwi humo, hivyo uchambuzi naufanyia sebuleni, kwa zamu, kama wengine. Kurasa nazisoma barabarani.

Jumamosi iliyopita nilimpa mdogo wangu bisibisi, nikakaa pembeni na mikono yangu nikaikalia. Alifungua kasha, akataja kila alichokigusa, akapuliza vumbi, akafunga. Ilimchukua saa nzima. Kompyuta iliwaka. Juu ya meza ilibaki skrubu moja, na wala yeye wala mimi hatujui inatoka wapi.