Jicho la Mungu na Jicho la Watu

Huko Bangboka, upande wa mashariki wa mji wa Kisangani, kipo kiwanja cha ndege. Msafiri afikaye hapo huonyesha kadi yake, hufungua mfuko wake, na kungoja mpaka mkaguzi amruhusu kupita. Hakasiriki, maana sababu yajulikana: ndege isichukue kitu cha kuangamiza watu. Lakini mkaguzi yule yule akimfuata msafiri mpaka nyumbani, akafungua sanduku la mkewe na kusoma barua za watoto wake, kila mtu atasema kwamba amepita mpaka. Kazi ni ile ile ya kutazama, lakini haki haiko tena.

Siku hizi mfuko unaochukuliwa na watu wengi kila siku ni simu. Ndani yake mna majina ya rafiki, picha za ndugu, mapatano ya biashara, na hata maneno ya uchungu. Tena wapo waufunguao bila mwenyewe kujua. Ndipo linapozuka swali: mtu asiye na kosa, je, ana haki ya kuficha kitu?

Na uchukuliwe mfano wa wakatekumeni wawili warudio nyumbani baada ya mafundisho. Wa kwanza asema: "Mungu aona yote, nami sina kosa. Serikali na kampuni wakinitazama, wataona nini?" Wa pili ajibu: "Hao wote ni wezi. Mimi nitaandikisha simu yangu kwa jina la jirani, wasinipate." Kila mmoja ameshika kipande cha ukweli, walakini wote wawili wamekosea njia.

Kwanza yafaa kujua jinsi simu inavyotoa habari za mwenyewe. Simu iliyowashwa huwasiliana na mnara ulio karibu, hata kama mtu hasemi neno. Kwa hiyo kampuni ya simu yaweza kujua mwenyewe yuko upande gani, amempigia nani, saa ngapi, na kwa muda gani. Zaidi ya hayo, simu za kisasa zina programu kuu inayozitawala, kama nyapara asimamiavyo kazi yote ya shamba. Nyingi zina Android ya kampuni ya Google. Nyingine zina ile ya kampuni ya Apple. Na kampuni zote mbili ni za Marekani. Google hupata sehemu kubwa ya mapato yake kwa matangazo ya biashara. Mwenye kutangaza hulipa ili tangazo lake limfikie mtu anayefaa; na ili mtu huyo ajulikane, mambo yake hukusanywa: anatafuta nini, anapenda nini, anakwenda wapi. Mchuuzi akigawa chumvi bure kijijini, lakini katika kila nyumba akaandika vyote avionavyo ndani, mwenye busara atajua kwamba chumvi hiyo si ya bure.

Wako mafundi walioona hatari hiyo wakatafuta njia nyingine. Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Finland, alianza kuandika Linux, akaiweka wazi ili kila fundi aweze kuisoma na kuitengeneza. Mwaka 2004 ikatokea Ubuntu, iliyojengwa juu ya Linux na kuanzishwa na Mark Shuttleworth wa Afrika ya Kusini. Jina hilo ni neno la Kibantu lenye maana ya utu. Kazi hiyo yastahili sifa, maana katika jambo lililowekwa mbele ya watu wote ni vigumu kuficha hila. Hata hivyo mtu asidhani kwamba wokovu umo katika chombo. Android yenyewe imejengwa juu ya Linux. Kitu kile kile chema chaweza kutumikia faida ya kampuni. Tena mnara hauulizi simu ina programu gani. Huiandika kama nyingine zote.

Je, na serikali? Amri ya Nne yafundisha kuwatii wakubwa wenye mamlaka ya haki. Serikali yaweza kuuliza majina, kuhesabu watu, na kutafuta wauaji na wezi. Lakini mamlaka yake ina mpaka, nayo historia ya karibu yaonyesha kwa nini watu wana mashaka. Baada ya uchaguzi wa tarehe 30 Desemba 2018, intaneti ilikatwa nchini Kongo kwa muda wa siku 20 hivi, watu wakashindwa kupashana habari wakati walipozihitaji sana. Mwaka 2020 likaanzishwa daftari la simu lililoitwa RAM, na ada yake ikakatwa katika salio la watumiaji. Malalamiko yakawa mengi, nayo ada ikafutwa mwaka 2022. Huko Togo, mwaka 2019, askofu mmoja na padre mmoja wa Kanisa Katoliki walikuwa kati ya watu ambao simu zao zililengwa kwa Pegasus. Hiyo ni programu ya upelelezi ya kampuni ya NSO ya Israeli, nayo kampuni husema kwamba huiuzia serikali tu. Hao hawakuwa wezi wala wauaji. Walikuwa wachungaji waliosema wazi juu ya mambo ya nchi yao.

Injili yatoa mwanga katika jambo hili. Kaisari Augusto alipoamuru watu waandikwe, Yosefu na Maria walikwenda Betlehemu, wakatii bila uongo. Lakini Herode alipotaka kujua mahali alipo Mtoto, akisingizia kwamba ataka kumwabudu, Mamajusi walionywa katika ndoto, wakarudi kwao kwa njia nyingine. Naye Yosefu akamchukua Mtoto na mama yake usiku, akakimbilia Misri. Familia ile ile takatifu ilijionyesha kwa mtawala mmoja, ikajificha mbele ya mwingine, wala haikutenda dhambi mara ya kwanza wala mara ya pili. Augusto alitaka hesabu ya watu. Herode alitaka kuua.

Basi, mkatekumeni wa pili amekosa kwa sababu ameuchagua uongo. Akitumia jina la jirani, avunja Amri ya Nane. Tena siku ya matata atakayekamatwa ni jirani, wala si yeye. Kuficha kwa haki ni kunyamaza, kufunga mlango, kukataa kujibu asiye na haki ya kuuliza. Si kumtwika mwingine mzigo.

Kosa la mkatekumeni wa kwanza ni gumu kuonekana, maana lina sura ya ibada. Ni kweli Mungu aona yote. Lakini anaonaje? Adamu na Eva walipoona aibu ya uchi wao, Mungu aliwafanyia mavazi. Yeye huona ili afunike na kuponya. Kadhalika padre asikiaye maungamo amefungwa kabisa na muhuri wa kitubio. Hawezi kufumbua kinywa hata akitishwa kuuawa. Kama siri ingekuwa alama ya uovu, Kanisa lisingeilinda namna hiyo. Anayetazama ili auze, au ili atishe, asijifananishe na Mungu.

Tena asemaye "sina la kuficha" amesahau jambo moja kubwa: simu yake haina mambo yake peke yake. Mna jina la mjane aliyemwomba msaada, ugonjwa wa rafiki, shida ya nyumba ya ndugu yake. Siku moja mtu aweza kumjia kwa upole, na fedha mkononi, akitaka kujua ni nani waliohudhuria mkutano fulani, au kutaka kuona tu waliyoandikiana. Akitoa siri yake mwenyewe, ni shauri lake. Lakini ya jirani si mali yake. Hapo mtu asiye na kosa aweza kuwa na kosa mara moja, hata kabla ya kufika nyumbani kwake.

Kwa hiyo Mkristu hujiuliza maswali matatu kabla ya kufungua mfuko wake: Ni nani anayeuliza? Anauliza kwa ajili ya nini? Je, anachotaka ni changu kutoa? Akiulizwa kwa haki, husema kweli. Akiulizwa bila haki, hunyamaza. Naye mwenyewe hapeleki picha ya mtu bila ruhusa, wala hafungui simu ya mkewe au ya rafiki kwa hila. Maana asiyelinda mlango wa jirani yake atawalaumuje wakubwa wanaouvunja?

Msafiri wa Bangboka huufungua mfuko wake mbele ya mkaguzi, kisha huufunga tena. Mambo yote mawili ni haki yake.