Deni la Uzeeni

Kwa zaidi ya miaka 30 nililala katika nyumba za shule. Kila nilipohamishwa nilikabidhi funguo na kukabidhiwa nyingine, nikajiona mtu mwenye makao. Wenzangu walipokuwa wakifyatua matofali wakati wa likizo, niliwacheka. Benki ya Nyumba ilikuwapo tangu miaka ya 1970; sikuwahi kukanyaga mlangoni pake hadi ilipofungwa mwaka 1995. Kwa hiyo, katika haya nitakayoyasema, wa kwanza kulaumiwa ni mimi.

Mwaka 2011, nikiwa na miaka 56, ndipo nilipozinduka. Bunge lilikuwa limepitisha sheria mahsusi ya mikopo ya nyumba mwaka 2008, nami nikaona mlango umefunguliwa. Nikavaa suti, nikaenda benki. Nyuma ya meza nilimkuta kijana niliyepata kumfundisha.

"Shikamoo, Mwalimu," alisema huku akisimama.

Alipousoma mwaka wangu wa kuzaliwa alinyamaza. Mkopo ungelipwa kwa makato ya mshahara, nami nilibakiwa na miaka minne tu kabla ya kustaafu kwa lazima. Shilingi milioni 24 zikilipwa kwa miaka 20 ni laki moja kila mwezi, bila kuhesabu riba; kwa miaka minne ni laki tano. Hesabu ya namna hiyo nilimfundisha mimi mwenyewe.

"Mwalimu," akasema kwa sauti ya chini, "huna mtoto mwenye ajira?"

Ninaye. Lakini je, ni haki mzazi kumfunga mwanawe kwa deni ambalo mzazi mwenyewe huenda asiuone mwisho wake? Wahenga walisema, kukopa harusi, kulipa matanga. Hapa harusi ingekuwa yangu, na matanga yangekuwa ya mwanangu. Kijana wa miaka 28, hajaoa bado, akatwe mshahara hadi mwaka 2031! Nilimwambia sitaki.

Akanijibu, "Baba, uliponilipia ada hukuniuliza nitarudisha lini. Mbona wanizuia nisifanye ulivyofanya wewe?"

Maneno yale yaliniondolea usingizi. Nilitambua kwamba kukataa kwangu hakukuwa huruma tupu. Ndani yake mlikuwa na kiburi cha mtu aliyezoea kutoa na kuamuru, asiyejua kupokea. Hata hivyo, kukubali papo hapo kusingekuwa haki pia. Mtoto aliyelelewa kwa adabu hawezi kumtazama baba yake usoni akamwambia hapana. Na ridhaa ya mtu asiyeweza kukataa, ni ridhaa gani hiyo?

Basi nikampa mwezi mzima, nikamwomba jibu lake alipeleke kwa mjomba wake, si kwangu. Kwa mjomba angeweza kukataa bila kuvunjiana heshima. Nilimwagiza pia azungumze na binti aliyemchumbia, maana makato yale yangemgusa naye.

Alirudi na masharti: nyumba iandikwe jina lake, mimi nichangie kutoka pensheni kiasi ninachoweza, na dada yake aelezwe wazi tangu mwanzo kwamba nyumba hiyo si mali ya urithi. Nilifurahia masharti yale kuliko ukubali wake, kwani mtu anayeweka masharti ni mtu aliyejiona huru kukataa.

Leo naishi katika nyumba ambayo si yangu. Nafagia uwanja wake, nimepanda mwembe, na kila pensheni inapoingia natoa mchango wangu kabla sijanunua sukari. Mungu akinijalia, deni litakapokwisha nitakuwa na miaka 76. Akinichukua kabla, mwanangu atabaki na mzigo aliouchagua mwenyewe. Naona mzee anaweza kukopa kwa jasho la mwanawe, lakini kwanza amtafutie mahali pa kusema hapana.