Wazee Wetu Katika Nyumba ya Wengine

Bismillahir-Rahmanir-Rahim. Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baad.

Ndugu zangu Waislamu, mwezi uliopita, baada ya darsa, alinijia kijana mmoja katika wanafunzi wetu naye ameghadhibika. Alikuwa amepeleka magunia ya mchele, kwa amri ya tajiri wake, katika nyumba ya kutunzia wazee iliyo chini ya watawa wa Kikristo, na huko akamwona mzee wa Kiislamu, kofia kichwani, amekaa barazani kati ya wazee wa Kikristo. Akataka niandike katika kurasa hizi kwamba ni haramu Mwislamu kuwekwa humo, na kwamba jamaa za mzee yule watajwe kwa majina wapate kuaibika. Nikamjibu kwamba hukumu hutanguliwa na kulijua jambo lenyewe, nami tangu kuzaliwa sijatia mguu katika nyumba ya namna hiyo. Tukaagana twende Jumamosi.

Nyumba yenyewe sitaitaja, wala mtawa aliyetupokea, kwani sikuwaomba ruhusa ya kuwaandika.

Nasema kweli: nilikwenda na hukumu yangu kifuani. Njia nzima nilikuwa nikizipanga hoja. Aya ya 23 na ya 24 za Suratul-Israi, ambamo Mwenyezi Mungu ameamrisha wema kwa wazazi wawili mara baada ya kuamrisha aabudiwe Yeye peke yake, na akamkataza mtoto asimtamkie mzazi aliyezeeka mikononi mwake hata lile neno dogo la kuguna, "uff". Na hadithi ya Mtume (s.a.w.) alipopanda mimbari akaitikia Amin mara tatu, na moja katika tatu hizo ikawa juu ya mtu aliyewadiriki wazazi wake wakiwa wazee, kisha asiingie Peponi kwa sababu yao. Hoja zilikuwa tayari, na zote zilikuwa juu ya watu wengine.

Nilitazamia kukuta harufu ya maradhi, nikakuta harufu ya sabuni. Palikuwa na ua mpana wenye mwarobaini katikati, na chini yake mabenchi. Mzee mmoja alikuwa akinyolewa ndevu, mwingine akilishwa uji kwa kijiko na msichana aliyekuwa akimngoja ameze kwanza ndipo amwongeze. Nikasimama kidogo kumtazama msichana yule. Hakuwa na haraka hata kidogo, nami nikajikumbuka nilivyokuwa nikimlisha marehemu babangu huku nikiitazama saa nisipitwe na darsa.

Tukapelekwa kwa mzee wetu. Nikamwambia, "Assalamu alaikum, ami." Akaitikia salamu kwa ukamilifu wake, kisha akauliza, "Wewe mwana wa nani?" kwani macho yake yote mawili yameingia mtoto wa jicho. Nikamtajia baba yangu na mtaa wetu. Akacheka, akasema, "Basi wewe ndiwe uliyekuwa ukichezea kata."

Hapo nikamjua, na miguu ikaniisha nguvu nikakaa chini.

Mzee huyu ndiye aliyekuwa akijaza birika la msikiti wetu nilipokuwa mtoto wa chuoni. Kabla ya adhana ya alfajiri alikuwa kisimani, akivuta ndoo baada ya ndoo mpaka birika lijae, kisha akisugua ngazi ili watu wasiteleze, kisha akizitundika kata mahali pake. Sisi watoto tukizichukua kata zile kurushiana maji, naye akitufukuza kwa fagio, lakini hakupata kumpiga mtu. Kila aliyesali katika msikiti ule miaka ile, imamu na maamuma, tajiri na hamali, alitawadha kwa maji yaliyopita mikononi mwake. Kisha ikaletwa pampu ya umeme. Siku ilipofungwa tuliomba dua na kumshukuru aliyeitoa, nami nikiwa mmoja wa walioitikia Amin. Sikumbuki kwamba yuko aliyeuliza siku ile, mvuta maji atakula wapi.

Habari iliyobaki niliipata kwake mwenyewe, naye aliisimulia pasi na kulalamika. Chumba alichokaa kilikuwa katika nyumba ya wakfu. Nyumba ikavunjwa, yakajengwa maduka chini na vyumba vya kukodisha juu, na yeye akaambiwa kwamba atakumbukwa. Akahamia ukumbi wa msikiti. Baadaye ukatokea wizi, ikaamriwa milango ifungwe baada ya isha, akalala nje. Mama mmoja Mkristo, muuza mbaazi na mahamri pembeni mwa njia, ndiye aliyekuwa akimpa chakula cha asubuhi, na alipomkuta siku moja ana homa hawezi kusimama, ndiye aliyemtia katika tuktuk kwa fedha zake akampeleka kwa watawa. Sisi tulikuwa tukipita njia ile ile mara tano kwa siku.

Kijana niliyekwenda naye alitaka kuwajua jamaa zake awaaibishe. Mkewe amekufa, mtoto hakujaaliwa, amebakiwa na mpwa mmoja aliyekwenda Arabuni kutafuta maisha, akawa akileta fedha, kisha habari zake zikakatika. Na hapa nataka msomaji asimame kidogo, kwani wengi hulikosea jambo hili. Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafii, nafaqa ya jamaa hulazimu baina ya wazazi na watoto, wakipanda na wakishuka. Mpwa anahimizwa kuunga udugu, na akiukata anapata dhambi zake. Lakini nafaqa ya mjomba haimlazimu kisheria. Basi hukumu humwangukia nani? Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra (1277), amelieleza jambo hili katika Minhaj, kitabu ambacho masheikh wetu wa pwani wamekisomesha miaka na miaka. Katika mlango wa jihadi, anapozihesabu faradhi za kutoshelezana, ametia humo kuwaondolea Waislamu dhara, kama vile kumvika aliye uchi na kumlisha mwenye njaa, ikiwa zaka na Baitul-Mali havikutosha. Faradhi ya kutoshelezana maana yake ni kwamba akiisimamia mmoja wamesalimika wote, na wakiiacha wote wamepata dhambi wote. Majina aliyoyataka kijana yaandikwe, basi, ni ya mtaa mzima, na la kwanza ni langu.

Mtawa alituonyesha chumba. Kitanda kimewekwa kichwa mashariki na miguu magharibi, mbali na vitanda vingine vilivyopangwa kwa safu. Nikauliza sababu. Akasema mzee aliwaomba, kwani hawezi tena kusimama, na akilala kwa ubavu wa kulia ataka uso wake uelekee kibla. Nasi watu wa hapa twajua kwamba kibla yetu ni kaskazini, hata katika lugha yetu neno ni hilo moja. Bibi yule Mkristo alikisukuma kitanda mwenyewe, akamwuliza mzee mpaka akaridhika. Kisha akanigeukia akasema, "Sheikh, nami nina swali. Kila mwaka nataka kumwandalia daku, lakini mfanyakazi mmoja huniambia Ramadhani ni leo, na mwingine huniambia ni kesho. Nimfuate nani?" Ndugu zangu, mimi nimeandika kurasa ngapi juu ya mwezi na miandamo yake, na kujibu waliojibu, na kuwajibu waliojibu majibu! Nilimwambia amfuate mzee mwenyewe.

Nilimwuliza mzee faraghani kama yuko anayemvuta aiache dini yake. Akasema hapana, wao husali kwao na yeye husali kitandani kwake. Palikuwa na picha ukutani, akawaomba waiondoe, wakaiondoa. Sisemi haya kuisifu itikadi yao. Tauhidi ni tauhidi, na baina yetu na wao pana tofauti ambayo adabu njema haiifuti. Walakini Mwenyezi Mungu ametuamrisha kuwa waadilifu, na katika aya ya 8 ya Suratul-Mumtahina hakutukataza kuwafanyia wema wale wasiotupiga vita, wala kukataa wema wao si katika dini. Chakula chao ni halali kwetu kwa aya ya 5 ya Suratul-Maida. Kwa hiyo aliyeniuliza kama ni haramu mzee kukaa pale, jawabu langu ni kwamba si haramu juu yake. Haramu iko upande mwingine, nasi tumeikalia.

Baada ya kurudi nilisoma namna kazi hii ilivyoanza kwao. Mwaka 1839, katika mji wa Saint-Servan huko Ufaransa, mwanamke maskini aitwaye Jeanne Jugan, aliyekuwa akiishi kwa kazi za mikono, alimpokea kikongwe kipofu asiye na mtu, akampa kitanda chake mwenyewe, yeye akahamia darini. Walipoongezeka wazee akashika kikapu akaenda kuwaombea nyumba hadi nyumba. Hakuwa na wakfu, wala kamati, wala risiti. Alikuwa na kitanda kimoja, akakitoa.

Msidhani kwamba sisi hatukuwa na mambo haya. Abu Yusuf katika Kitabul-Kharaj amesimulia kwamba Sayyidna Umar (r.a.) alimwona mzee wa Kiyahudi kipofu akiomba milangoni. Alipojua kwamba anaomba kwa sababu ya uzee na haja na jizya, alimshika mkono akampeleka nyumbani kwake akampa alichokuwa nacho, kisha akamwamrisha mtunza Baitul-Mali amtazame huyu na walio mfano wake, na akamwondolea jizya. Akaona si uadilifu kuzitumia nguvu za mtu katika ujana wake na kumtupa katika uzee wake. Nawaomba muitazame sababu hiyo, kisha mulitazame birika la msikiti wetu. Na Maqrizi amehadithia kwamba mjini Cairo, mwaka 684 wa Hijra (1285), binti wa Sultani Baybars alijenga Ribat Baghdadiyya kwa ajili ya bibi mwanachuoni, Zaynab al-Baghdadiyya, ikawa makao ya wanawake waliopewa talaka au kutelekezwa na waume. Nyumba hizo zilisimama kwa mali za wakfu. Na wakfu sisi tunazo. Sheria ya wakfu ya mwaka 1951 tumeiona, na ya mwaka 2022 tumeiona, na katika kila mji wa pwani yetu pana nyumba ambazo bibi zetu na babu zetu waliziweka kwa ajili ya maskini na msikiti. Kodi zake zinakwenda katika mazulia na mapanka, na katika kupaka rangi mnara ambao hauna miaka mitatu tangu upakwe. Sikatai zulia. Nauliza tu kwa nini maskini, aliyetangulizwa katika maneno ya mwenye kuweka wakfu, amekuwa wa mwisho katika hesabu ya msimamizi.

Sasa narudi barazani kwa mzee, kwani yaliyobaki ndiyo magumu zaidi kwangu kuyaandika. Kijana wangu alimwambia kwa moyo safi, "Ami, tutakuja kukutoa hapa." Mzee akauliza, "Mnitoe mnipeleke wapi?" Kijana akanitazama. Nami nikatazama chini, kwa sababu nyumbani kwangu mna chumba, na chumba hicho nimekijaza vitabu.

Nilirudi peke yangu juma la pili, baada ya kushauriana na mke wangu, nikamwambia mzee kwamba chumba kipo, vitabu vitatolewa. Aliomba dua ndefu kwa ajili yangu na watoto wangu, kisha akakataa. "Mimi sasa nageuzwa usiku mara tatu," alisema, "na wanaonigeuza ni watu wawili. Mkeo ataweza usiku wa kwanza na wa pili. Niache hapa, mwanangu. Lakini njooni." Nikamwuliza ana haja gani. Akataja haja mbili. Ya kwanza, apate mtu wa kumsomea Qurani, kwani masikio yangali mazima. Ya pili, siku ya kufa kwake aoshwe na Waislamu, akafiwe, asaliwe katika msikiti ule aliokuwa akiujazia maji, asizikwe na watu wasiomjua.

Haja ya pili nimeandikiana na watawa, na nambari za simu za watu watatu katika darsa yetu zimebandikwa juu ya meza yao, usiku na mchana. Ya kwanza tumeigawa: kila siku baada ya alasiri huenda wawili, na siku ya Jumatano bado haina mtu. Mzee pia hana kipande, kilipotea aliposhuka kutoka chumba chake cha wakfu, na kwa hiyo hapati zile shilingi 2000 za kila mwezi ambazo serikali huwapa waliotimiza miaka 70. Mwenye kujua njia za ofisi hizo aje anione. Wasimamizi wa nyumba iliyovunjwa nimewapelekea barua kuomba chumba kimoja cha chini, na mshahara wa watu wawili wa kutunza, kutoka katika kodi ya maduka. Hawajajibu. Wakijibu, jawabu lao litachapishwa hapa, liwe lolote.

Na yule mama wa mbaazi angali pale pembeni mwa njia. Nilimwendea kumshukuru, akaniuliza kama mzee anakula vizuri.