Tafakuri ya Ramadhani 16: Kinywa cha Kuajiriwa



Juzi baada ya tarawehe kijana wetu mmoja alinisubiri pale kwenye viatu. Ni mwandishi wa habari, wengi wenu mnamsikia redioni. Kapata kazi ya afisa habari wa halmashauri. Mshahara wa kueleweka, bima ya afya, na mama yake anaumwa sukari. Swali lake: "Ustadhi, jana nilikuwa nawauliza hawa watu maswali, kesho nitakuwa nawajibia. Sijauza kitu hapo?"

Nikamwomba siku mbili. Niliyoyafikiri nakuandikia na wewe, maana hata kama hujawahi kushika maikrofoni, ipo siku umetumwa mlangoni ukaseme "baba hayupo".

Kuhama kwenyewe si dhambi. Mzee Benjamin Mkapa alikuwa mhariri wa The Nationalist, kisha wa Daily News, na mwaka 1974 akaenda kuwa katibu wa habari wa Mwalimu Nyerere. Serikali inahitaji mtu wa kuieleza, na afadhali awe anayejua maswali ya wananchi. Hapo sina ubishi.

Tabu inaanza siku mambo yanapoharibika. Siku hiyo ni nadra msemaji kuambiwa "danganya". Anaambiwa "chagua maneno". Tuchukue kipindupindu. Mafuriko yameingia visimani, wagonjwa wanafika kituo cha afya, na mkubwa anataka taarifa iandikwe "ugonjwa wa kuharisha". Ni kweli, kipindupindu ni kuharisha. Lakini mama anayeisikia taarifa hiyo anaona ni yale yale ya kila siku. Anachota maji, hachemshi, na mtoto akiugua anangoja kukuche. Kipindupindu kikali hakingoji kukuche, kinaua ndani ya masaa. Sasa niambie, mwandishi wa taarifa ile kasema uongo? Ukipima sentensi yake, hapana. Ukipima alichokiacha kichwani mwa yule mama, ndiyo. Mimi napima kwa yule mama. Surat al-Ahzab, aya ya 70, inatuamrisha maneno ya sawasawa, na sijui neno hilo la "kuharisha" litasimama wapi mbele ya aya hiyo.

Utasema watu watataharuki. Ni hoja, siidharau. Ila hata Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2005 wa kuzungumza na umma wakati wa mlipuko, lilisisitiza kutangaza mapema, kwa sababu imani ya watu ikishapotea, hata tangazo la kweli halisikilizwi tena.

Mwaka huo huo wa 1974, kule Marekani, mwandishi wa Detroit News aitwaye Jerald terHorst aliitwa kuwa msemaji wa Rais Ford. Waandishi wenzake walipouliza kama Nixon atasamehewa, aliwajibu kwa alivyoambiwa na wasaidizi wa rais, kwamba hakuna jambo hilo. Tarehe 8 Septemba Ford akamsamehe Nixon hata kabla ya kushtakiwa. terHorst akajiuzulu siku hiyo, kazi ikiwa na mwezi mmoja tu. Hakukubali kuutetea msamaha ule. Na ona jambo hili: wenzake walimwamini kwa sababu ya miaka yake ya uandishi, na imani hiyo ndiyo iliyotumika bila yeye kujua.

Nikamkumbuka Ka'b bin Malik (R.A.). Alikuwa mshairi, fundi wa maneno. Alipobaki nyuma safari ya Tabuk, watu zaidi ya 80 walikwenda na nyudhuru zao kwa Mtume (S.A.W.) na zikapokelewa kwa dhahiri yake. Ka'b alijua kabisa kwamba kwa ulimi aliojaaliwa angeweza kutoka salama. Akasema kweli: sikuwa na udhuru. Akasusiwa siku 50, hata salamu hajibiwi, mpaka toba yake ikashuka ndani ya Surat at-Tawba. Siku 50, ndugu yangu. Sisi siku moja tu ya kutojibiwa meseji inatutoa jasho.

Basi jana nikamjibu kijana. Nilimwambia kalamu yako unaweza kuiajirisha. Imani ambayo watu wa mtaa wamekupa kwa miaka yote hiyo ni amana yao, wewe unaishika tu. Kabla ya kusaini, uliza kama utakuwa unakaa ndani ya kikao, au utaletewa karatasi nje ukaisome. Ukiambiwa nje, kataa. Na mshahara wa kwanza ukiingia, anza kuweka akiba ya miezi mitatu, ili siku ukiletewa "kuharisha" uweze kusema hapana na nyumbani wale.

Akanyamaza. Kisha akauliza, "Na dawa za mama?"

Hilo sikuwa na jibu nalo, na mpaka naandika haya sina. Leo kabla ya kufungua, umtaje mama huyo katika dua yako.