Jumatano: Mwerezi na Wale Ambao Hawajazaliwa

Soma 1 Wafalme 5:6–14 na Mwanzo 2:15. Ni kazi gani juu ya mierezi inatajwa katika fungu la kwanza, na ni ipi haitajwi?

Sulemani alipeleka watu 30,000 Lebanoni kwa zamu, 10,000 kila mwezi. Tunasoma habari za kukata na kusafirisha. Habari za kupanda hazimo.

Mwerezi hukua polepole. Yaweza kupita miaka 25 au zaidi kabla haujazaa mbegu. Mche ukiliwa na mbuzi, miaka yote hiyo huanza upya. Ndiyo maana mwaka 1876 msitu wa mierezi karibu na Bsharri ulizungushiwa ukuta wa mawe, kwa fedha za Malkia Victoria wa Uingereza, ili mbuzi wasiifikie miche.

Je, tuna wajibu kwa watu ambao hatutawaona kamwe? Mwenye mbuzi aweza kujibu kwamba mtoto wake ana njaa leo. Hoja hiyo si ndogo. Lakini ukuta ule haukuwaua mbuzi. Uliwazuia mahali pamoja tu. Mara nyingi utunzaji hautudai tuache kula, bali tukubali mpaka. Jirani wa leo aweza kuturudishia wema wetu. Atakayeketi kivulini pa mwerezi hawezi. Hapo ndipo upendo wetu hupimwa.

Tafakari: Ni mpaka gani unapaswa kuukubali leo kwa ajili ya wale watakaokuja baada yako?