Jiwe Lililokwisha Kutupwa

Katika mtaa wa Birere, mjini Goma, jirani na mpaka wa Gisenyi, ambako bidhaa huvushwa tangu alfajiri hata magharibi, na ambako pombe za kasiksi na kanyanga hupatikana kwa thamani ambayo hata mchukuzi wa mizigo aweza kuitoa kabla hajatia chakula tumboni, mtu akionekana amelala kando ya njia mchana wa jua, wapitao humhukumu kwa kauli tatu: wako wasemao kwamba amemwasi Mungu, wako wasemao kwamba amepagawa na pepo, na wako wachache, hasa waliopata kuuguza, wasemao kwamba huyu ni mgonjwa. Kauli hizi huonekana kupingana, na zimebishaniwa sana misikitini na makanisani. Lakini zote tatu zina hali moja, kwamba aliyekwisha kuitamka aipendayo hupata idhini ya kupita na kwenda zake. Kwa hiyo sitauliza hapa kama ulevi ni dhambi au ni maradhi. Nitauliza ni nani mwenye wajibu pale ambapo hiari ya mtu imekwisha kuliwa.

Suala hili ni la kale. Aristotle, katika sehemu ya tatu ya kitabu chake cha maadili, alitoa mfano wa mtu aliyerusha jiwe: hawezi tena kulirudisha mkononi, na hata hivyo kulirusha kulikuwa katika uwezo wake, basi lawama humfuata, akataja pia, kwa kuikubali, sheria iliyomwongezea adhabu maradufu aliyetenda kosa hali amelewa, kwa kuwa kutokulewa kulikuwa katika mamlaka yake mwenyewe. Hoja hii ina nguvu, wala siidharau, kwani anayemwambia mlevi kwamba tangu mwanzo hakuwa na hiari yoyote humvua utu wake huku akidhani anamhurumia. Lakini mfano wenyewe una upungufu. Jiwe likiwa hewani hapana awezaye kulifikia, ilhali binadamu anayeanguka huanguka katikati ya watu, polepole, kwa miaka, na kila mmoja wao angeweza kunyoosha mkono.

Tena katika mji huu, ambao kuta zake zimejengwa kwa mawe ya mlima wa moto wa Nyiragongo, ni haki kuuliza jiwe lilitiwaje mkononi mwa aliyelirusha. Mwaka 1994 wakimbizi wapatao milioni moja walivuka mpaka katika siku chache, na kipindupindu kikawaua kwa maelfu. Tarehe 17 Januari 2002 moto wa mlima ulipita katikati ya mji hata ukaingia ziwani, ukafunika nyumba, maduka na kanisa kuu. Mwezi wa Mei 2021 mlima ukatapika tena. Na mwezi wa Januari 2025 mapigano yaliingia mjini hata ukaangukia mikononi mwa kundi la M23, benki zikafungwa, na waliokuwa wamekimbilia kambini wakalazimika kukimbia mara nyingine. Mtoto wa barabarani, yule tumwitaye maibobo, anayevuta gundi ili asisikie baridi na njaa ya usiku, ni nani awezaye kusema kwa yakini kwamba alichagua? Sisemi kwamba vita humnywesha mtu kwa nguvu, maana wako wengi waliopoteza nyumba na wana wao wasionje hata tone. Nasema kwamba mizani ya lawama haiwezi kushikwa na mkono uleule uliouza chupa.

Wanazuoni wa Kiislamu walilijua tatizo hili, wakalitafakari kwa makini kuliko tunavyodhani. Kwao taklifu, yaani kubebeshwa wajibu, husimama juu ya akili na uwezo, na ndiyo sababu mtoto, aliyelala na mwendawazimu hawaandikiwi. Lakini walipofika kwa mlevi walikhitilafiana, hata katika talaka yake, wengi wakasema imepita kwa kuwa alilewa kwa ridhaa yake, wengine wakasema haikupita kwa kuwa ulimi ulinena bila akili. Mimi huona katika khitilafu hiyo si udhaifu wa fikira bali uaminifu, kwa maana mlevi ni mtu aliyesimama kizingitini, nusu yake ni mtenda na nusu yake ni mtendwa. Mtume Paulo, akiwaandikia Warumi, alikiri jambo lililo karibu na hilo juu ya nafsi yake: kwamba lile jema alilolitaka silo alilolitenda. Hakuliandika hilo ili ajipatie udhuru. Alikuwa akitafuta wa kumwokoa.

Nayo hadithi iliyopokewa na Bukhari haina budi kukumbukwa kila mara jambo hili linapotajwa. Alikuwako katika zama za Mtume Muhammad mtu mmoja, jina lake Abdullah, ambaye alikuwa akimchekesha Mtume, naye alikuwa mnywaji. Akaletwa akaadhibiwa, akanywa tena, akaletwa tena. Siku moja mmoja wa waliohudhuria akamlaani kwa wingi wa kuletwa kwake. Mtume akamkataza asimlaani, akashuhudia kwamba mtu yule alimpenda Mwenyezi Mungu na Mtume wake. Adhabu haikufutwa, wala kosa halikuitwa jina jingine. Lakini aliyeanguka mara nyingi hakutolewa katika jamaa ya waumini, na upendo wake haukukanushwa kwa sababu ya kuanguka kwake. Ni wangapi miongoni mwetu waliokwisha kumtoa ndugu yao katika nyumba kwa mara ya tatu tu?

Sasa yafaa nitaje jambo la mwili, maana dini isiyojua mwili huweza kuua kwa nia njema. Mtu aliyekunywa pombe kali kila siku kwa miaka, mwili wake umekwisha kuizoea hata hauwezi kukaa sawa bila hiyo. Akikatazwa ghafula, hutetemeka, hutoka jasho, na katika siku mbili za kwanza aweza kupatwa na degedege. Na yapata siku ya pili au ya tatu wengine huingia katika kuweweseka, wakaona wasivyoviona wengine na kupiga kelele kwa hofu, na hali hiyo isipotibiwa yaweza kumfisha mtu. Hapo ndipo jamaa, wakiona hayo, husema kwamba pepo sasa wamejidhihirisha, wakazidisha mfungo, wakamnyima chakula yule ambaye mwili wake umepungukiwa na vitamini hata ubongo unadhurika. Dawa zipo, wala si za ajabu: vidonge vya kutuliza vinavyopunguzwa siku kwa siku, vitamini ya tiamini, maji, na mtu wa kukaa naye usiku. Sala haikatazwi na lolote katika hayo.

Baada ya siku hizo ndipo kazi ndefu huanza, na ndipo toba hupata maana yake. Toba hutaka majuto, kuacha, na azma ya kutorudi. Na azma haijengwi na mtu anayeweweseka. Kwa hiyo anayempeleka mlevi kwenye tiba hamwondolei wajibu mbele ya Mungu, bali humrudishia akili na uwezo, apate kuwa tena mtu wa kuulizwa na kujibu. Huko Zanzibar, tangu mwaka 2009, wamekuwako watu waliopata kutumia dawa za kulevya ambao hukaa pamoja katika nyumba waziitazo soba hausi, wakisimamiana wenyewe kwa wenyewe. Na Dar es Salaam, katika hospitali ya Muhimbili, tangu mwaka 2011 watumiaji wa heroini hupewa methadoni kila siku mbele ya mhudumu. Hapa Goma kiko kituo cha magonjwa ya akili cha Mabruda wa Upendo, shirika lililoanzishwa na Padri Petrus Jozef Triest mjini Gent, Ubelgiji, mwaka 1807; nacho hupokea pia waliovurugwa na pombe na bangi. Kituo hicho huitwa Tulizo Letu. Waliokipa jina hilo hawakusema tulizo lake, wala tulizo lao.

Ewe imamu, ewe padri, ewe mchungaji, nawe mama unayesoma haya ukiwa na mwana anayetetemeka asubuhi mpaka apate tone la kwanza: usimfungie chumbani leo, wala usimtangazie mfungo wa siku tatu. Mpeleke kwanza kwa mganga wa hospitali, umwambie kwa ukweli anakunywa kiasi gani na tangu lini, kisha rudi naye, uombe pamoja naye.