Kijani Kilichopakwa Mbali

Lori kuukuu la Bedford lenye injini ya petroli linaweza kuwa zima kabisa, limeegeshwa Moi's Bridge likinguruma taratibu, na geji mpya ya ombwe iliyofungwa kwenye dashibodi ikasema ni bovu. Geji yenyewe haina kasoro. Mshale umesimama kwenye inchi 13 au 14 za zebaki, na ndivyo hali ilivyo. Kosa liko kwenye rangi. Kijani, yaani afya, kimepakwa kwa kipimo cha usawa wa bahari, kuanzia 17 hadi 21, na hapo kwenye 13 watengenezaji wengine wameandika kwamba moto wa plagi unachelewa.

Fundi akiliamini andiko hilo, atalegeza distribyuta auwahishe moto. Injini itaanza kugonga ikipanda mlima na shehena ya mahindi, na pistoni zitaungua kwa kutibiwa ugonjwa ambao haukuwako.

Geji hii hupima tofauti kati ya hewa ya nje na hewa iliyomo ndani ya manifoldi wakati injini inafyonza. Hewa ya nje hupungua nguvu kadiri mtu anavyopanda, takriban inchi moja ya zebaki kwa kila mita 300. Eldoret iko karibu mita 2,100 juu ya bahari. Moi's Bridge, mji ulioitwa zamani Hoey's Bridge kando ya Mto Nzoia, uko chini kidogo ya hapo. Lori lililosoma 20 Mombasa litapungua inchi sita hivi likifika huko, na njiani, Timboroa, kwenye zaidi ya mita 2,700, litakuwa limesoma chini zaidi. Injini ni ile ile, na afya yake ni ile ile.

Je, kweli nayo hubadilika kwa mwinuko?

Ombwe lenyewe lina historia ndefu. Aristotle alikana kwamba ombwe linaweza kuwepo, na Ibn Sina akashika msimamo huo karne nyingi baadaye. Kisha tarehe 19 Septemba 1648 Florin Périer, shemeji yake mwanasayansi Blaise Pascal, alipanda mlima Puy de Dôme huko Ufaransa akiwa na mrija wa zebaki wa kupimia nguvu ya hewa. Kileleni zebaki ilikuwa imeshuka kwa zaidi ya sentimita 8. Sifa ya mlima alipewa Périer, lakini anayestahili kukumbukwa zaidi ni mtawa aliyebaki chini, Padri Chastin, aliyekaa na mrija wa pili akiutazama siku nzima. Haukusogea. Bila saburi yake mtu yeyote angeweza kudai kwamba ni hali ya hewa tu iliyogeuka siku ile.

Wako wanaosikia habari kama hizi wakakimbilia kusema kila mahali pana kweli yake. Hapana. Mshale unaoshtuka kwa mpigo mmoja usiokatika, injini ikiwa imetulia, huashiria vali iliyoungua au isiyofunga sawasawa, iwe Mombasa au Moi's Bridge. Vivyo hivyo bohari ya nafaka hudai mahindi yasizidi unyevu wa asilimia 13.5, na mkulima hawezi kujitetea kwamba shamba lake liko juu: kuvu haijali mwinuko. Kuna kipimo kinachofuata mahali na kuna kisichofuata, na kazi ya akili ni kuvitenga.

Waislamu wengi wa Afrika Mashariki wanaijua kazi hiyo kupitia Imam Shafi, ambaye madhehebu yake ndiyo wanayoyafuata. Alipohama Iraq akaenda Misri, alikofariki mwaka 820, aliyapitia upya maoni yake mengi, ndiyo maana wanazuoni hutaja kauli zake za kale na kauli zake mpya. Aliyapima tena yale aliyokwisha kuyahukumu. Mwenye kijani kilichopakwa mbali hufanya kinyume: huleta hukumu ikiwa tayari imeandikwa, kabla ya kumsikiliza anayehukumiwa. Watu nao huhukumiwa hivyo kila siku, shuleni na makanisani, na dhuluma hiyo ni kubwa kuliko pistoni iliyotoboka.

Kwa hiyo anayetafuta geji Eldoret aulize kwanza kama lori ni la petroli; injini nyingi za dizeli hazina kizuizi cha hewa, na geji hii haitamwambia kitu. Achague ya mshale, yenye tarakimu safi kutoka 0 hadi 30, isiyo na rangi wala maandishi ya utabibu. Aikatae iliyojazwa gliserini, kwa sababu hutuliza mtetemo, na mtetemo ndio ushahidi wenyewe. Hata ile ya kupima ombwe pamoja na mgandamizo wa turbo haimfai, kwani nusu ya uso wake itakaa bure. Akumbuke pia kwamba malori mengi ya zamani ya petroli hutegemea ombwe hilo hilo kusaidia breki. Likipungua, mguu hulazimika kukanyaga zaidi. Na siku injini inapotoka kurekebishwa vizuri, aandike kando ya geji ilichosoma, pamoja na jina la mahali iliposomwa.